Mhojaji Asiyekatiwa Simu

Msimamizi huwasikiliza wahojaji wake kwa zamu, hedifoni masikioni, na mwanamke wa meza ya dirishani bado anamshangaza: mbona yeye hakatiwi simu, wakati wenzake hukatiwa hata kabla salamu hazijaisha? Hana maneno ya asali. Sauti yenyewe kavu. Dodoso hulisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mistari ingawa maswali yote anayo kichwani. Akishauliza, huzungusha pete yake na kungoja, hamharakishi mtu.

Leo alimuuliza mama mmoja kama wiki hii kuna siku walilala na njaa. "Aa, tunakula vizuri tu," mama akajibu chapuchapu. Mara mtoto akaangua kilio, simu ikawekwa chini. Mwingine angekata, apige namba nyingine. Yeye alingoja dakika kumi na moja, mikono mapajani, kama mgeni aliyeachwa sebuleni. Mama aliporudi, mhojaji akamuuliza, "Amelala?"

Swali hilo halimo kwenye dodoso. Msimamizi akashika kalamu amwandikie kosa.

"Amelala, dada yangu." Mama akashusha pumzi. "Hebu rudi kwenye lile swali la chakula. Pale nilikudanganya."