Tetea Mweusi wa Mama

Kaka yangu mkubwa alirudi kutoka Unguja na kile kidude cha kubana kidole kinachoonesha mapigo ya moyo, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya Mtambile haikukalika. Alimbana kila aliyepita barazani. Alichokijua juu ya moyo alikiokota kwenye simu, akakimeza kizima kizima bila kutafuna.

"Kiumbe kikubwa moyo wake huenda polepole," alituhubiria, sisi tukichambua karafuu, yeye hata kikonyo kimoja hakigusi. "Nyangumi, tembo, ng'ombe. Kidogo huenda mbio: panya, popo, kuku. Na wa mbio hafiki mbali." Hayo ya ukubwa na udogo ni kweli. Lakini kumpa mtu kama yule jambo la kweli ni kumpa mtoto kisu achezee.

Mama alikuwa na tetea wake mweusi, mtagaji hodari. Kaka alimkamata, akamtia sikio chini ya bawa, akatangaza kuwa kuku ana presha, achinjwe kabla hajafa kibudu. Nani moyo wake usingekwenda mbio, amekabwa na juha lile? Tulimla mchana ule ule. Paja alikula yeye, daktari wetu.

Kisha ikaja zamu ya Mama. Alikuwa akitumia vidonge vya presha, na siku zile kila akiinuka kwenda kutia udhu aliona giza, akashika ukuta. Niliogopa. Nikasema twende hospitali. Kaka akambana kidole, akasoma tarakimu ndogo, akachekelea.

"Mashaallah, Mama! Moyo umetulia kama wa nyangumi. Utatuzika sote."

Mama, masikini, akamwamini mwanawe wa kiume.

Siku ya pili yake alianguka jikoni, kifuu cha nazi mkononi, midomo imepauka. Kaka alisimama pale na kidude chake, ananieleza habari za tembo! Nilimsukuma kando nikatafuta gari. Hospitali, daktari alimshika Mama kifundo cha mkono, akakunja uso. Vidonge vilikuwa vimeuzidi nguvu moyo wake, ukawa unakwenda polepole kupita kiasi. Wakambadilishia dawa. Tungechelewa kidogo, tungekuwa tunapika cha matanga.

Aliporudi nyumbani, Kaka alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, kidude mkononi. Mimi sikumwonea huruma hata chembe. Mama alimnyang'anya, akambana yeye kidole. Tarakimu zikapanda, zikazidi kupanda.

"Wenda mbio moyo wako," Mama akasema. "Waumwa?"

"Siumwi, Mama. Nna khofu tu. Nilidhani nimekuua."

Mama akamvua kidude, akakitia chini ya mto wake.

"Na kuku wangu alikuwa na khofu tu, mwanangu. Nawe ukamchinja."