Jina Lililokuwa Kwenye Risiti ya Cherehani

Miaka ile ya vita nilikuwa nimetoka tu kuhitimu shule ya usiku, na kuanzia Chaani mpaka jumba la Mfalme wa Uingereza hapakuwa na msomi wa kunifikia. Nilisoma hata karatasi zilizofungiwa maandazi. Ndivyo nilivyoliona tangazo la Kiingereza kwenye ubao wa kituo cha polisi: vitu visivyo na mwenyewe vimeuzwa mnadani, mwenyewe aje na ushahidi achukue fedha, mwisho leo. Kimojawapo, cherehani.

Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa ameibiwa cherehani, nayo ndiyo iliyowalisha yeye na watoto tangu mumewe achukuliwe vitani. Nilimkimbilia mbio za kulipita gari moshi, nikamleta kituoni.

Karani wa polisi alikuwa mwema kupita kiasi. "Shikamoo, mama. Risiti ya duka tuliikuta ndani ya droo ya cherehani. Nitajie jina lililoandikwa, utie kidole, fedha hizi hapa ukanunue nyingine."

Mama akainamisha kichwa. Aliyeinunua alikuwa marehemu baba mkwe wake, na kwao bara mke halitaji jina la mkwe, awe hai, awe kaburini.

"Ni baba wa mume wangu," akasema.

"Changamwe nzima kila mzee ni baba wa mume wa mtu. Jina?"

"Bwana karani, mimi ni mke wa watu."

Karani akanigeukia. "Haya, msomi, litaje wewe."

Nami sikulijua, katika nyumba ile halikutamkwa hata siku moja. Nikaanza kutaja majina ya wanaume wote wa bara, si chini ya mia tano, ili mama aitikie kwa kichwa. Karani akapiga meza. "Wallahi, huu ni ushahidi au mnada wa pili?"

"Mnong'oneze, mama," nikamsihi. "Marehemu hasikii."

"Mimi nasikia, mwanangu."

Akafungua kinywa. Midomo ikaanza kulitamka, ikajifunga tena. Karani alisubiri mpaka askari wakafunga madirisha, kisha akaandika: mwenyewe hakupatikana.

Njiani mama aliniuliza kama mumewe akirudi ataweza kwenda kulitaja. Nikamwambia siku zimekwisha.

Akashona kwa mkono. Wateja wakangoja, wakachoka, wakahama. Kabla ya masika watoto walipelekwa bara, wakale kwa wajomba. Yule mdogo nilimbeba mimi mpaka stesheni.