Ng'ombe wazima waliofunga mji wa makauboi, na ng'ombe wa baba mkwe wangu

Wakuu, heshima kwenu.

Nianze na jambo lililonifanya nifunge kitabu kwa muda pale maktaba. Ule mji wa makauboi unaoonekana kwenye tamthilia za zamani, wenye sherifu, baa na watu wa kupigana risasi katikati ya barabara, ulifungiwa biashara yake na ng'ombe wazima.

Walitembea mamia ya maili kutoka Texas. Walifika hawakohoi, hawachechemei, wanakula. Ng'ombe wa wenyeji waliochungwa baadaye kwenye malisho yaleyale ndio waliokojoa damu na kufa.

Nayaleta haya kwa sababu jambo linalofanana na hilo limeingia nyumbani kwangu, ghorofa ya kumi na moja, Flemingdon Park, hapa Toronto. Majina nimebadilisha. Mengine ni kama nilivyoyaona na kuyasikia, na pale nisipojua nitasema sijui.

Baba mkwe wangu alikuja kututembelea vuli iliyopita. Ni mfugaji wa tambarare za chini ya Mlima Meru, mjane, mtu wa kanisani, na hajawahi kukaa nyumba isiyo na uwanja. Wiki ya kwanza alikuwa anasimama dirishani kutazama bonde la mto Don na kuuliza kwa nini nyasi zote zile hazina mnyama.

Wiki ya pili akagundua chaneli inayorudia picha za kauboi za zamani. Kila siku mchana, saa ileile. Jina la tamthilia sitalitaja, wenye umri mnaijua.

Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini ng'ombe hawahitaji tafsiri. Alikuwa anawakagua. "Yule mwekundu ana mgongo mzuri." "Huyu kijana anachunga vibaya, anawakimbiza." Binti yangu Neema, wa darasa la sita, akirudi shule anakaa naye kwenye kochi. Babu anauliza kwa Kiswahili, mjukuu anajibu kwa Kiingereza, na wanaelewana.

Katika kila kipande mzee alikuwa upande mmoja: wenye ng'ombe. Wakulima waliotokea njiani na bunduki kuwazuia wasipite aliwaita wachoyo.

"Babu, they're just scared."

"Waoga ndio wachoyo, mke wangu. Ardhi yote hii, wanamnyima ng'ombe njia!"

Ikafika kipindi ambacho kule nyumbani mvua za vuli ziligoma. Shemeji yangu Kaanaeli, ambaye ndiye anayebaki na mifugo ya mzee, alipiga simu asubuhi moja akasema malisho yamekwisha na ng'ombe wameanza kulala chini. Mzee hakufikiri mara mbili. Akamwambia awapandishe mlimani kwa Mzee Elirehema.

Elirehema ni rafiki yake tangu ujana. Walipata kipaimara siku moja. Anaishi juu kwenye migomba, ambako watu hawachungi, wanafugia bandani. Alikuwa na ng'ombe wawili wa kisasa, chotara wazuri wa maziwa, na nyumba yake nzima inasimama juu ya ng'ombe hao.

Hapa inabidi nitoke nje ya njia kidogo, maana asiyejua hili hataelewa kilichofuata.

Kwa ukoo wa mke wangu, ukimpelekea rafiki ng'ombe wako awatunze, ng'ombe hao ni wageni. Maziwa anakunywa anayewatunza, samadi ni yake, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na siku wanapoingia, hawapigwi dawa ya kupe getini. Kumpulizia dawa ng'ombe wa rafiki siku ya kwanza ni kama kumwambia mgeni akaoge kabla hujampa kiti. Mwenye ng'ombe naye haulizi kama wamepulizwa, kwa sababu anayeuliza amekiri kwamba kaleta uchafu.

Kaanaeli aliniambia baadaye kwamba pampu ya dawa ilikuwa inaning'inia ukutani, stoo, mlango wazi. Aliiona. Mzee Elirehema naye aliiona. Ng'ombe wakapita, wakafungwa bandani pembeni ya wale chotara, wakapewa migomba iliyokatwakatwa, na watu wakaenda kunywa chai.

Hakuna hapo aliyekuwa hajui kupe ni nini. Baba mkwe mwenyewe ameogesha ng'ombe kwenye josho maisha yake yote.

Sasa turudi Toronto.

Mimi kabla ya kuja huku nilikuwa naandika habari za mkoa kwenye gazeti. Siku hizi napanga mizigo kwenye ghala huko Brampton, lakini ugonjwa wa kuuliza haujanitoka. Nikawa najiuliza huo mji ulikuwepo kweli au ni wa kutunga. Siku yangu ya mapumziko nikapanda basi mpaka maktaba, nikaomba vitabu.

Ulikuwepo, na upo. Unaitwa Dodge City, jimbo la Kansas. Ulikuwa mji wa ng'ombe kwa karibu miaka kumi tu. Ng'ombe walisukumwa kwa miguu kutoka Texas hadi hapo kwa sababu hapo ndipo palikuwa na reli, wakapakiwa kwenye mabehewa kupelekwa miji ya mashariki.

Risasi za kwenye TV zimetiwa chumvi. Kulikuwa na sheria: ukivuka reli kuingia upande wenye maduka na nyumba za heshima, bunduki unaiacha. Kile kilima maarufu walichozikia waliouawa kilihamishwa makaburi na kujengwa shule. Na kati ya wachungaji wale, si wachache walikuwa watu weusi na Wameksiko.

Jioni nikamsimulia mzee. La mwisho lilimshtua kuliko yote.

"Weusi? Mbona hapa simwoni hata mmoja?"

"Babu, it's old TV," Neema akasema, kana kwamba hilo linatosha. Labda linatosha.

Halafu nikamweleza habari ya homa. Wakulima wa TV waliokuwa wanasimama njiani na bunduki hawakuwa wamebuni ugomvi. Ng'ombe wa Texas wakipita, wa kwao wanakufa. Serikali ya jimbo ikachora mstari kwenye ramani: ng'ombe wa Texas wasivuke. Wakulima walivyozidi kuingia, mstari ukasogezwa magharibi, ukasogezwa tena, mpaka jimbo zima likafungwa kwao na biashara ya mji ikafa. Sababu nyingine zilikuwepo, seng'enge na reli mpya zikiwemo, lakini mstari ulikuwa mkubwa.

Mzee akatikisa kichwa. "Ng'ombe mzima haui ng'ombe mwingine. Hao walikuwa na lao."

"Ndivyo walivyosema watu wa Texas, baba."

"Na walisema kweli."

Siku ile jirani yetu alikuwepo. Ni Bwana Karim, Mhindi mzaliwa wa Moshi, Mwismailia aliyefika Canada kijana na Kiswahili chake hakijapata kutu. Huja na sambusa za mkewe, huondoka na habari.

"Mzee," akasema, "sasa nimejua wewe ni mtu wa Texas. Kofia tu imekosekana."

"Nunua wewe, Muhindi una duka."

Tukacheka. Nikamalizia nilichosoma: kwamba wakati mji ukiwa hai hakuna aliyekuwa na hakika kitu gani kinaua. Baadaye, biashara ikiwa imeshakufa, wataalamu wakathibitisha ni kupe. Ng'ombe wa Texas walizaliwa na kukua na ugonjwa ule, ukawa hauwasumbui. Kupe wanaanguka kutoka kwao, wanataga, na watoto wa kupe ndio wanaopanda ng'ombe mwingine wiki kadhaa mbele. Mwenye ng'ombe wakati huo ameshaenda zake, na haoni kinachomhusu.

Ni babesia, ugonjwa uleule ambao wafugaji wa kwetu wanaujua kwa mkojo mwekundu.

Niliposema mkojo mwekundu, mzee aliacha kutafuna. Akaniuliza, "Wiki kadhaa, ngapi?"

Nikamwambia kitabu kinasema inaweza kupita mwezi.

Akageukia TV. Mimi nilidhani nimemchosha.

Simu ya Kaanaeli ilikuja siku chache baadaye, asubuhi, tunakunywa chai. Mke wangu aliiweka spika. Chotara mmoja wa Mzee Elirehema ameanguka bandani, homa kali, mkojo kama chai ya rangi. Kabla wiki haijaisha na wa pili akaanguka. Wote wawili walikufa. Bwana mifugo alifika kwa wa pili, akachoma sindano, akasema mmechelewa kuniita.

"Na wetu?" mzee akauliza.

"Wetu wazima, baba. Wamenenepa."

Wakuu, nimeripoti misiba mingi. Sijawahi kuona mtu akipokea habari njema kwa sura ile.

Kama kawaida yangu nikaanza kuuliza. Kaanaeli akasema kuna kitu kingine. Kipindi kilekile Mzee Elirehema alikuwa ananunua majani kutoka tambarare, pickup nzima, kwa ajili ya ng'ombe wake. Kupe wachanga hukaa kwenye majani. Wanaweza kuwa walipanda mlima kwa gari, si kwa ng'ombe. Nikauliza kama bwana mifugo alichukua damu ya wale waliokufa, au kupe wowote, akapeleka maabara. Hakuchukua. Baada ya msiba banda lote lilipulizwa dawa, ng'ombe wageni wakiwemo.

Kwa hiyo ushahidi wenyewe ulioshwa.

Jumapili baada ya ibada mzee akampigia rafiki yake kwa video. Mimi nilishika simu. Nilijua leo tungesikia akimuuliza habari ya kupe.

Walisalimiana. Elirehema akataka kuona theluji, nikaielekeza simu dirishani. "Sasa hapo mnatokaje nje?" Akacheka. Wakaongea habari za mchungaji mpya, habari za goti, bei ya mahindi. Mzee akasema, "Pole na yote." Elirehema akasema, "Tumeshapoa. Mungu ni mwema." Nyuma yake alisikika ng'ombe akilia, na mzee akarudi kuuliza habari za goti.

Kisha wakaagana.

"Hujamuuliza?" mke wangu akasema.

"Nimuulize nini? Ng'ombe wangu wamekuulia wako? Na yeye anijibu nini?"

"Basi Kaanaeli akawachukue, baba. Wanamkalia mtu bandani, na yeye wake hana hata mmoja."

Hapo ndipo nilipojifunza adabu ya pili, ambayo mke wangu anaijua ila alitaka isiwepo. Mambo yakiwa shwari, kuwachukua ng'ombe wako si tatizo: unakwenda, mnakula, unaondoka nao. Kukiwa na msiba kama huu, anayewagusa kwanza ndiye aliyesema la moyoni. Mwenyewe akiwaondoa, amekiri kuwa ndio waliua, au anamwona rafiki yake hafai tena kuwatunza. Mtunzaji akiwarudisha, ameshtaki. Hata kumzawadia mtamba mmoja wa kuanzia upya, ambalo mzee alilitaka, lingesomeka kama hukumu.

Bwana Karim aliposikia alikuja na sambusa, hakuleta utani. Aliuliza swali moja: "Wewe mwenyewe unaamini nini?"

Mzee akafikiri. "Ningekuwa mlimani, ningeamini ni ng'ombe. Nikiwa chini, ningeamini ni majani."

Bado anaangalia tamthilia yake. Mkulima na bunduki akitokea, hasemi tena kitu. Neema amegundua. Majuzi alimsukuma kiwiko, akamwambia kwa Kiswahili, jambo ambalo huwa halifanyi: "Babu, leo uko upande wa nani?"

"Leo natazama tu, mke wangu."

Alikuwa akae mpaka baada ya Pasaka. Ameomba tiketi irudishwe nyuma, anaondoka wiki ijayo. Jumamosi nilimpeleka kununua zawadi. Alimchukulia Elirehema jaketi zito la baridi, la kijani. Halafu tukapita sehemu ya vifaa vya bustani, akasimama mbele ya pampu za kupulizia dawa. Aliishika moja, akaivaa mgongoni, akajaribu mpini, akaisifu.

Akairudisha.

"Nikiipeleka hii, nimeshasema," aliniambia. Tukaenda kulipia jaketi.

Nilichojifunza mimi, kwa faida ya mwenye mifugo au atakayekuwa nayo: pampu itumike getini siku ya kwanza, kwa ng'ombe wa kila mtu, wa rafiki na wa mwenyekiti wa kijiji, ili isiwe tusi kwa yeyote. Mtakubaliana hivyo mkiwa mnacheka. Mkingoja, hamtapata pa kuanzia.

Wataalamu wa mifugo humu, nisaidieni: je, kuna kipimo chochote, baada ya banda kupulizwa na mizoga kuzikwa, kinachoweza kusema kupe wale walipanda na ng'ombe au na majani? Na wenye mila kama hii kwao, niambieni nani kwenu huwa anaanza kufungua mdomo. Hata mwenye kubeza abeze, nitasoma yote nikiwa break kazini.

Leo asubuhi Kaanaeli ametuma picha moja, haina maelezo. Ng'ombe wa baba mkwe wangu bado wapo kwa Mzee Elirehema, kwenye banda la chotara. Wanatafuna migomba. Mmoja ana mimba.