Ushuru wa dagaa uliojenga darasa letu Bangwe, na Jeanine ambaye hakulikalia

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nimeona mnavyobishana humu halmashauri zipate wapi pesa za shule. Nina kisa changu, cha kweli kabisa. Sijatia chumvi, chumvi yote iliishia kwenye dagaa.

Nimekulia Bangwe, Kigoma. Miaka ile ya wakimbizi, Mama Jeanine, Mrundi, alipanga chumba uani kwetu na binti yake. Baba alikuwa na mtumbwi, yeye akimwanikia dagaa. Mimi na Jeanine tulikaa dawati moja.

Jioni tukiagana alikuwa anasema "n'ejo". Kirundi hicho, na kwa Kiha chetu ni hivyo hivyo: ejo ni kesho.

Darasa likafurika, wengine tukawa tunasomea nje. Kikaitishwa kikao cha kata. Tujenge kwa mchango wa kila kaya, au kwa ushuru wa dagaa pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha?

Baba akataka kaya. Kwa nini wavuvi peke yao wabebe shule? Tusimwonee, hoja ilikuwa na mashiko.

Shida ni kwamba kaya isiyoandikwa kwa mjumbe isingepokelewa mchango, na asiyechangia mtoto wake anatolewa. Mama Jeanine, mkimbizi, hakuwa ameandikwa; hapo Jeanine hana shule.

Mama yake akasimama, kanga kaikaza kiunoni.

"Baba Asha, ujira wangu ni dagaa hao hao. Mkiwakata ushuru, na mimi mmenikata. Basi nikateni. Mwanangu abaki."

Baba akakuna kidevu, akasema haya, iwe dagaa.

Jeanine akabaki. Kuta zikapanda, na sisi tukawa tunapita kuchagua dirisha letu, lile linaloona ziwa.

Kabla ya bati, ikaja amri wakimbizi wa mjini wote waende kambini. Gari likiondoka akanipungia mkono. "N'ejo, Asha."

Darasa jipya nilikalishwa pale pale dirishani, na mtu mwingine. Sikumzoea.

Nilichojifunza: kodi ipi bora pimeni wenyewe, ila msiseme mgeni hachangii. Darasa lile lina jasho la mama yake.

Kuna kitu sijawaambia. Ejo ni kesho, lakini ndiyo jana pia, neno ni hilo hilo. Nimemmiss sana.

Mwaga maoni yako. Na kama humu kuna mtu anamjua Jeanine aliyesoma Bangwe, amwambie dirisha bado lipo.