Mwenye Kiwanda

Mzee Musembi wa Matinyani alikuwa na maringo ya mtu mwenye kiwanda, na nani angemkataza? Mwaka wa 1983 kampuni ya wakulima ya kuchambua pamba ilipokosa fedha za kulipia mavuno, iliwapa watu nafasi ya kuchagua: wangoje malipo, au wageuze pamba yao iwe hisa. Musembi aligeuza yote. Mkewe, Kalunde, aliyekuwa na kishamba chake mwenyewe cha pamba, alikataa katakata.

"Mimi nitangoja pesa yangu, Baba Mulei," alisema. "Pamba niliuza, sikuchanga harambee."

"Ngoja basi," Musembi akamcheka. "Kazi ya kungoja ni ya wasio na shea."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, alipitia kiwandani na kumuuliza mlinzi kama mashine zinaendelea vizuri. Mlinzi alimpigia saluti, na saluti hailipi karo, lakini ilikuwa tamu, tusidanganyane. Kisha mashine zikanyamaza. Kampuni ikatangazwa kufilisika, na mali yake yote ikauzwa.

Mfilisi aliyeteuliwa na mahakama aliwaita watu, akaeleza kwa upole. Benki ilikuwa na rehani, ingelipwa kwanza. Halafu wafanyakazi, halafu waliouza pamba bila kulipwa. Wenye hisa wangegawana kitakachobaki.

"Na kitabaki nini?" Musembi akauliza.

"Hakuna, mzee."

"Lakini kampuni ni yetu!"

"Ndiyo maana, mzee. Mwenye nyumba hupakulia wageni kwanza. Safari hii chakula kimeishia kwao."

Musembi aliketi. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, maana hakuna aliyemwibia.

Siku Kalunde alipolipwa, alipata nusu tu ya haki yake. Waliporudi nyumbani, Musembi alinyoosha mkono, kama alivyounyoosha kwa kila shilingi iliyoingia boma lile tangu wafunge ndoa. Kalunde hakubisha. Alianza kufungua fundo la leso yake, taratibu, macho chini.

Musembi akautazama mkono wake mwenyewe, akaurudisha.

"Funga, Mama Mulei," akasema. "Nunua mbuzi, wawe wako. Mimi nitakuchungia."