Nililewa Maji ya Pasi

Sijui niwaambieje, lakini Jumamosi nililewa maji ya kupigia pasi, tena mbele ya watu.

Nilikuwa nimewaalika nyumbani kwangu, hapa Kakamega, wenzangu tunaouza nao vifaa vya ujenzi. Hasa nilimtaka Ayuma wa kaunta, ambaye nimempenda kimyakimya tangu aajiriwe. Nilisaga nanasi na pasheni kwa blenda, nikakamua ndimu, nikatia barafu, kisha nikamimina chupa nzima ya vodka niliyoikuta mezani.

"Kunyweni polepole," nikawaonya. "Hii ni kali."

Glasi ya pili ilinilegeza magoti. Ya tatu ikanifungua mdomo. Nikamshika Ayuma mkono, nikamwambia nampenda, na kwamba huwa napanga upya misumari iliyokwisha kupangwa ili tu niwe karibu na kaunta yake. Watu walicheka hadi machozi.

"Msamehe, ni pombe," mmoja akamwambia.

"Kweli, ni pombe," nikadakia.

Hapo dada yangu Mmbone, ninayeishi naye, akaingia na gauni mkononi.

"Nani amemaliza maji yangu ya pasi? Nilikuwa nimeyaweka kwa hiyo chupa ya vodka iliyokwisha. Vodka yako iko kabatini, hata haijafunguliwa."

Magoti yangu yakapona papo hapo. Ayuma akaweka glasi chini, akanitazama huku akitabasamu.

"Kumbe hayo yote umeyasema ukiwa na akili zako?"

Sikuwa tena na pombe ya kusingizia.

"Ndiyo," nikasema, naye hakuuondoa mkono wake.