Tunangoja Wewe Tu

Juzi asubuhi kituoni, makanga wa basi la kwenda Pap Onditi alinivuta mkono. "Mzee, tunangoja wewe tu!" Kweli, viti vilikuwa vimejaa, kimebaki kimoja tu. Nikalipa nauli, nikaketi dirishani. Basi halikuondoka, nikaanza kunung'unika. Mama aliyekuwa kando yangu, kikapu mapajani, alilalamika kunishinda: "Hawa watu wanatuchelewesha, yawa!" Nikampenda.

Mara makanga akapiga mluzi. Mama akainuka, akaniambia, "Safari njema, Baba," akaenda kuketi katika basi lililopanga foleni nyuma yetu. Wenzake wote wakamfuata. Kumbe ni abiria wa kukodiwa, kazi yao kujaza viti!

Nikabaki peke yangu, nimefura. Akapanda bwana mmoja na gunia lake. Nikamfokea, "Wewe nawe, unapandaje gari tupu?"

"Nimekuona umekaa dirishani umevaa tai, Mzee. Nikajua linatoka."